Msafiri Haguswi

Daraja Mbili ukikohoa usiku, asubuhi mwenye duka anakuuliza kama umeshakunywa tangawizi. Ndivyo mtaa wenyewe ulivyo. Hata hivyo Msafiri aliamini kwa moyo wake wote kwamba ana siri, na kwamba mtu wa mwisho duniani kuijua atakuwa mkewe, Arafa.

Kila Jumamosi asubuhi alitoka na kapu lake la ukili kama mtu anayewahi sokoni kufungua belo. Alikuwa na meza ya viatu vya mitumba, na belo la viatu kweli hufunguliwa asubuhi, kwa hiyo uongo wake ulikuwa na pa kusimamia. Ndani ya kapu, zimefunikwa na taulo, zilikuwa njumu.

“Baba Twahira, chai hunywi?”

“Nitakunywa huko huko kwa Nasri. Nikichelewa wenzangu wanachagua vizuri vyote, mimi wananiachia viatu vya mguu mmoja mmoja.”

“Haya. Angalia unapokanyaga.”

Siku hizi hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Zamani alikuwa akimwambia usisahau nyama.

Mambo yalianzia bafuni. Tangu ujana wake Msafiri alikuwa dereva wa malori ya shirika moja la usafirishaji. Shirika lilipouzwa, miaka ile kila kilichokuwa cha serikali kilipokuwa kinatafutiwa mwenyewe, akahama kutoka kiti cha lori akahamia kigoda cha sokoni. Kukaa kulikuwa kule kule, kilichobadilika ni alichokalia. Basi siku moja akakanyaga sabuni. Hata kuanguka hakuanguka vizuri. Alikaa chini kwa ghafla tu, akajizuia kwa mkono, na kifundo kikalia ka! kama ukuni mkavu. Mwanamume wa miaka sitini na ushei, aliyezoea kulala chini ya lori porini na kulitengeneza kwa waya, kavunjwa na kipande cha sabuni. Mtaa ulicheka kwanza, pole zikafuata baadaye.

Daktari Pudensiana, mwenye zahanati mpya kule juu barabarani, alimfunga mkono hogo la plasta, kisha akamwambia maneno ambayo Msafiri hakuyategemea.

“Mzee wangu, mifupa yako imepungua nguvu. Umekaa mno. Mfupa nao unataka kushtuliwa. Mkono ukipona, kimbia, ruka, geuka huku na huku. Tafuta wazee wenzako mcheze hata mpira.”

“Mpira, daktari? Na umri huu?”

“Umri huu hasa. Ukikimbia peke yako utachoka wiki ya pili uache. Ukiwa na wenzako, wakikutania hutaacha.”

Hayo aliambiwa ndani, peke yake. Arafa alikuwa nje kwenye benchi, na alipouliza daktari kasemaje, Msafiri alimpa nusu ya kwanza tu, ile ya mifupa kupungua nguvu. Nusu ya pili alimeza. Na Arafa kwa nusu hiyo moja akaapa hapo hapo, mbele ya wagonjwa wa watu: “Mfupa mmoja tena, Baba Twahira, mmoja tu, na ile meza ya viatu tunaifunga. Nakupeleka Tanga kwa mwanao ukakae.”

Twahira alikuwa ameolewa vizuri Tanga. Nyumba ina sakafu inayong’aa, kochi la kuzama, na televisheni, kitu ambacho wakati huo watu wa Daraja Mbili walikwenda kukiangalia kwa jirani wakiwa wamevaa vizuri. Mtu mwingine angeombea kupelekwa. Msafiri alipofikiria, alijiona amekaa kwenye lile kochi kama mgeni asiyeondoka, hana wa kumwita jina la utani, hana wa kumtukana, mjukuu anapita anaambiwa usimguse babu atavunjika. Heri mauti, alijiambia, kuliko kukalishwa namna ile. Kwa hiyo alifanya vyote viwili: alimtii daktari, na akamficha mke.

Timu yenyewe iliitwa Supu, kwa sababu ilianzia na kuishia kwenye supu ya Nasri. Walikuwa wazee wa Daraja Mbili na wachache kutoka mitaa ya jirani, na walicheza kwenye uwanja wa shule ya msingi kabla jua halijawa kali. Aliye chini ya miaka hamsini haruhusiwi. Mapumziko ni pale walio wengi wanapokuwa wamekaa chini. Kuotea hakuna, maana hakuna aliyekuwa na macho ya kukuona umeotea. Refa pia hakuna. Mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki, na mara nyingi walibishana kuliko walivyocheza. Jezi zilitoka kwenye mitumba, upande mmoja njano, upande wa pili buluu, zenye maandishi ya kampuni za Ulaya ambazo hawakujua zinauza nini.

Nasri, mwenye mgahawa, alikuwa beki. Akikukaba unarudi nyumbani na alama ya njumu pajani kama muhuri wa posta. Saadi, mwenye bucha, alikuwa kipa, mwili kama mlango wa ghala, na matusi yake kwa washambuliaji yalisikika mpaka barabarani. Hao wote wawili walicheza upande wa buluu. Msafiri alikuwa njano.

Na Msafiri, jamani, alikuwa moto.

Yeye mwenyewe ilimshangaza. Wiki za kwanza alihema kama lori lililojaza mahindi, lakini baadaye miguu ikakubali. Akipata mpira, njia inafunguka. Nasri anakuja kwa kelele zote, anakuja, anakuja, halafu akikaribia hatua ya mwisho anapata jiwe ndani ya njumu. Wengine wanajikwaa. Wengine wanakumbuka kufunga kamba. Saadi anaruka kushoto, mpira unakwenda kulia. Siku ya Idi alifunga bao baada ya kuwapita mabeki watatu, akampiga Nasri tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake kama mwenye nyumba anayepita mlangoni kwake. Kuanzia siku hiyo wakamwita Ambulensi.

“Ambulensi inakuja! Mpisheni!”

Naye alijaa majivuno. Sokoni alilisimulia lile bao la Idi kwa wateja waliokuja kujaribu viatu. Mwili nao ulimpa ushahidi: belo alilokuwa akisaidiwa kulishusha, sasa analishusha mwenyewe, na msikitini alianza kuinuka kwenye sijda bila kuegemea sakafu kwa mkono. Alikuwa anarudi ujanani, ndivyo alivyoona, na aliyemzuia kumweleza mkewe habari hiyo nzuri ni ile ahadi ya Tanga.

Jumamosi ya kisa chenyewe ilikuwa ya baridi ya mwezi wa saba, ukungu umekaa chini, mlima hauonekani kabisa. Upande wa buluu ulipungukiwa na mtu. Nasri akatazama barabarani, akamwona Loishiye anapandisha na baiskeli yake, madumu ya maziwa matupu yanagongana nyuma. Loishiye alikuwa mfugaji na mkulima wa Olmotonyi; kila siku alfajiri aliuletea mgahawa wa Nasri maziwa, kisha akarudi mlimani kwake akisukuma baiskeli. Kwa umri hakupishana sana na Msafiri, ila mabega yake yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukalia kiti chenye mto.

“Ero Loishiye!” Nasri alimwita kwa Kimaasai. “Mpira unaujua?”

“Mimi niliuacha. Wenyewe sijui kama umeniacha.”

“Ulicheza wapi?”

“Pale chuo cha misitu, nilipokuwa kibarua wa miche. Tulikuwa tunawafunga wanafunzi mpaka wanakataa kula.”

“Basi ingia, tumepungukiwa. Maziwa kesho nakuongezea bei.”

“Hilo umesema mbele ya watu,” alisema Loishiye. Akaegemeza baiskeli, akavua koti na mabuti, akakunja suruali, akaingia peku. Walimpa jezi ya buluu, ikamfika juu ya kitovu. Watu wakacheka, naye akacheka. Mpira ukaanza, na katika kicheko hicho Nasri alisahau jambo moja.

Haukupita muda Msafiri akapokea mpira katikati. Akautuliza. Akainua kichwa kama kawaida yake, akaona njia inafunguka: huyu kajikwaa, yule kashika kiuno, Nasri anapiga kelele akiwa amesimama. Ambulensi ikaanza kuondoka. Akaongeza mwendo. Mbele yake amebaki mtu mmoja, yule mgeni, na Msafiri akamsubiri apate jiwe mguuni.

Loishiye hakuwa na pa kupata jiwe, alikuwa peku. Alikuja kama mtu anayefuata ng’ombe aliyeingia shamba la jirani. Bega likakutana na bega, mpira ukaruka upande, na Msafiri akaenda juu kidogo, kisha akashuka kwa nyonga kwenye ardhi iliyokauka kama saruji. Kishindo kile hata Saadi golini alikisikia.

Wazee wote wakamkimbilia, hata wale wasiowahi kuukimbilia mpira.

Halafu wote wakapiga kelele kwa pamoja.

“Loishiye! Umefanya nini? Huyu haguswi!” Nasri alikuwa ameshika kichwa.

“Haguswi kwa nini? Ana umeme?”

“Nilisahau kukwambia! Yallah, nilisahau! Huyu haguswi, tumekatazwa!”

“Na nani?”

“Na mkewe!”

Msafiri alikuwa chali, anatazama ukungu. Nyonga ilikuwa inawaka. Lakini neno lile liliingia ndani zaidi ya nyonga.

“Nasri,” alisema. “Rudia hapo.”

“Usiongee wewe, utautikisa mfupa.”

“Rudia hapo, nimekwambia.”

Nasri akamtazama Saadi. Saadi, aliyekuwa amekwishafika akihema na glovu zake, akachuchumaa.

“Sikiliza, Msafiri. Usitukasirikie. Ilikuwa kwenye arobaini ya kuzaliwa mjukuu wangu, mwaka jana. Wanawake wanamenya viazi, Arafa kashika mwiko. Akawaambia wote: mume wangu anacheza mpira kwa kujificha. Mwacheni acheze. Lakini mwanamume atakayemwangusha, shughuli ya nyumba hiyo mimi sikanyagi, na sufuria lake siligusi mpaka nakufa.”

Asiyejua Daraja Mbili hataelewa uzito wa maneno hayo. Mtaa mzima, harusi ni ya Arafa, maulidi ni ya Arafa, msiba ni wa Arafa. Pilau la watu mia tatu huyo ndiye aliyejua kulisimamia lisiungue wala lisiwe bokoboko, na asipokuja yeye, wanawake wengine nao wanaanza kupata udhuru. Shughuli bila Arafa ni aibu itakayosimuliwa kwa wajukuu.

“Mimi nina binti wa kuozwa mwezi wa Shaabani,” Saadi aliendelea, sauti imemshuka. “Nitapika mwenyewe?”

“Kwa hiyo lile bao la Idi…”

Saadi akaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja. “Lile nilijirusha mapema.”

“Na tobo?”

“Nilipanua mwenyewe,” alisema Nasri. “Tena nilipanua mpaka nikaumwa msuli.”

Wazee wengine walitazama mlima usioonekana. Msafiri akafumba macho. Mwaka mzima! Mwaka mzima amekuwa akikimbia katikati ya watu wazima wanaocheza naye kama wanavyocheza na mtoto wa kwanza kutembea. Na yeye amelisimulia bao lile kwa wateja, na wateja wenyewe ni wa mtaa huu huu, na walimsikiliza mpaka mwisho na kutikisa vichwa. Sasa angalau aelezwe ukweli wa kitu kimoja, nyonga hii. Alijaribu kuinua mguu, maumivu yakamwambia tulia.

“Usimwinue!” Nasri alipiga kelele. “Imevunjika, mimi naona. Wallahi Arafa ataniua. Na Swabaha naye atanimalizia.” Swabaha alikuwa mkewe, na alikuwa shoga wa Arafa wa kufa na kuzikana.

Walimpakia kwenye pikapu ya bucha ya Saadi, juu ya magunia, katikati ya harufu ya mafuta ya ng’ombe. Loishiye akapanda nyuma naye bila kuulizwa, akaushika mguu wa Msafiri kwa mikono miwili kwenye kila shimo, na barabara ilikuwa mashimo matupu.

“Pole, mzee mwenzangu,” alisema. “Lakini mimi nilikuona unakuja kama mtu anayejua anakokwenda. Nikikupisha si ningekuwa nimekudharau?”

Katika watu wote wa siku ile, huyo mmoja tu Msafiri hakumkasirikia.

Tanga, alikuwa akiwaza. Pikapu ikiruka, Tanga. Ikikata kona, Tanga. Alikwishaliona kochi.

Habari zilikuwa zimewatangulia, tena zimenenepa njiani. Zilipofika kwa Arafa, mguu ulikuwa umevunjika pawili. Zilipofika mwisho wa mtaa, Msafiri alikuwa amekata roho, na mtu mmoja mwenye bidii alikwishaondoka kwenda kuazima turubai. Kwa hiyo pikapu ilipoingia zahanati, benchi lote lilikuwa limejaa kanga za Daraja Mbili. Arafa alikuwa katikati, kanga kaigeuza ndani nje bila kujua, Swabaha kamshika mkono.

Msafiri alijiandaa kupokea maneno. Hayakuja. Arafa alisimama, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi za mpira, akakaa tena. Hilo ndilo lililomwogopesha Msafiri kuliko nyonga.

Wakampiga picha. Kisha wakangoja. Nasri alitoka nje na kurudi, akatoka na kurudi. Loishiye alisimama ukutani peku, maana mabuti aliyasahau uwanjani. Saadi alikuwa anasoma tangazo la chanjo ya watoto kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Arafa hakuondoa macho kwenye mlango wa daktari.

Daktari Pudensiana alitoka na ile karatasi nyeusi ya picha, akaenda nayo dirishani penye mwanga, akaiinua. Akaigeuza. Akaitazama tena, na watu wote wakaitazama naye, kana kwamba wanajua wanachokitazama.

“Mzee, nani kakwambia umevunjika?”

“Nasri.”

“Nasri kasomea wapi?”

“Kwenye chapati,” alisema Saadi kwa nyuma.

“Basi arudi kwenye chapati. Mfupa huu mzima. Sioni ufa, sioni hata mkwaruzo. Nyama imevilia damu, utachechemea siku chache, utakandwa, basi.”

Daktari akamsogelea, akambonyeza paja kwa vidole viwili, akambonyeza na la pili.

“Na hii nyama umeitoa wapi? Ulipokuja na mkono wako ulikuwa na miguu ya kuku.”

“Uwanjani, daktari. Ulinituma mwenyewe.”

“Ulikwenda kweli?” Daktari alicheka kwa mara ya kwanza. “Wengi nawaambia, hakuna anayekwenda. Basi hii ndiyo iliyolipokea hilo pigo, pamoja na mfupa wenyewe kuzoea mitikisiko. Angekuwa yule mzee niliyemfunga hogo, kwa kuanguka huku, leo tungekuwa na maneno mengine.”

Sauti iliyotoka kwa Arafa haikuwa kilio wala kicheko. Ilikuwa pumzi, ndefu, kama ya gurudumu la lori linalotolewa upepo. “Alhamdulillahi,” alisema, akakaa chini kwenye sakafu ya zahanati, katikati ya watu, akaanza kucheka na kulia kwa zamu. Swabaha akapiga kigelegele, muuguzi akamfukuza nje, akakimalizia nje.

Msafiri alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye nyonga yake nzima. Alikuwa ameyashikilia mabega yake juu tangu uwanjani bila kujua, sasa yakashuka. Kukimbia kwake hakukuwa kwa uongo, basi. Mabao wamempa, njia wamempa, lakini nyama hii hakuna aliyempa. Aliivuna mwenyewe.

“Mama Twahira.”

“Abee.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Soksi zako nani anafua? Udongo ule mweusi mpaka magotini, sokoni mnalima?”

“Ukaninyamazia.”

“Ulikuwa unarudi nyumbani unapiga mluzi,” alisema Arafa, akijifuta kwa kanga iliyogeuzwa. “Ukikaa naogopa, utaoza. Ukikimbia naogopa, utavunjika. Nikaona kama kuogopa ni lazima, bora niogope unapiga mluzi.”

Msafiri alitaka kukasirika zaidi. Alikuwa amejiandalia maneno makali tangu kwenye magunia. Alipoyatafuta hakuyaona.

Walipofika nyumbani turubai lilikuwa limekwishasimama, viti vimepangwa, na watu wa mitaa mitatu wamekaa kwa huzuni. Walipomwona marehemu anashuka kwenye pikapu akichechemea, zilipigwa kelele ambazo Daraja Mbili haijawahi kuzisikia tena. Bibi mmoja alimbana Msafiri mashavu kuhakikisha. Mwenye turubai akauliza sasa alikunje, akakemewa: watu wameshakuja, moto umeshawashwa, mchele umeshachaguliwa, kwani furaha haili? Arafa akafunga kanga kiunoni, vizuri safari hii, akaomba mwiko wake.

Jioni jioni akatokea Loishiye, kavaa tena mabuti yake, na dumu la maziwa, na mkewe Nanyori, mama mrefu mwenye kitambaa cha kanisani kichwani. Hodi yao ilipopokelewa, uwanja wa nyumba ulipoa. Kila mwanamke pale alikumbuka yale maneno ya kwenye arobaini. Nanyori hakuyajua, kwa sababu arobaini ile ilikuwa ya Daraja Mbili, na yeye ni Mlutheri wa Olmotonyi, nani angemwalika? Ndiyo maana mumewe hakuambiwa.

Arafa alimtazama, mwiko mkononi.

“Wewe ndiye mke wa aliyemwangusha mume wangu?”

“Ndiye mimi, mama. Tumekuja kuomba radhi.”

“Angeniangushia yule mume wa zamani, wa miguu ya kuku, ningekufukuza,” alisema Arafa. “Lakini mumeo ndiye kanionyesha kwamba aliyemo ndani ni mwingine. Njoo hapa. Kisu kile pale, viazi vile pale. Na harusi ya binti wa Saadi uje mapema, tunaanza alfajiri.”

Nanyori akacheka, akakunja mikono ya sweta, akakaa kwenye mkeka. Dakika chache baadaye alikuwa akisimuliwa habari za watu asiowajua, na akiuliza maswali mazuri.

Msafiri aliletewa sinia lake ukumbini, na wenzake wa Supu wakalizunguka, wanyonge kama wanafunzi waliokamatwa. Alimwita mkewe mbele yao.

“Mama Twahira, ile amri yako iondoe.”

“Niiondoe upigwe?”

“Nipigwe.”

Arafa aliwatazama wale wazee mmoja mmoja, kisha akatazama ule mguu ulionyooshwa kwenye mto. Ilionekana wazi kwamba hapendi. Akageukia mlango wa uani, akapaza sauti ile ya kusimamia sufuria kubwa.

“Kina mama! Kila mmoja amwambie wake. Baba Twahira kuanzia leo agongwe kama wenzake. Na ya Tanga nayo nimeifuta, asije akasema sikusema.”

Saadi alikuwa wa kwanza kuchota pilau, kwa furaha ya mtu aliyetolewa jela.

Kuchechemea kulipoisha, Msafiri alitoka nyumbani Jumamosi na njumu zikining’inia begani, mbele ya macho ya watu, na Arafa akamwambia arudi na nyama. Uwanjani Loishiye alikuwa amefika, safari hii na jezi kubwa zaidi. Mpira wa kwanza kumfikia Msafiri, Nasri alimnyang’anya kabla hajautuliza. Wa pili, Nasri alimnyang’anya na kumlaza kifudifudi, akala vumbi. Akainuka akidai rafu, wakamzomea. Wa tatu aliupata mbali, akakimbia nao kadiri miguu ilivyoweza, Loishiye anapumua shingoni kwake, akapiga shuti kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Saadi akaruka, kwa kweli safari hii, mwili wote ule hewani, akaudaka na kuukumbatia.

“Tangu lini unajua kudaka wewe?” Msafiri alimpigia kelele.

“Nilijua siku zote, shenzi!”

Msafiri alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, jasho linamwingia machoni, akacheka mpaka akainama. Nasri akamkimbilia kwa hofu.

“Vipi? Nyonga?”

“Nyonga nzima,” alisema Msafiri, akimsukuma. “Ondoka hapo, leteni mpira.”